Neno "Zaidi" Halina Kipimo
Kwa miaka kadhaa niliandika katika daftari langu kwamba nitasoma zaidi, na kila mwaka ulipokwisha sikujua kama nimefaulu au nimeshindwa, kwa kuwa neno "zaidi" halina kipimo. Mwanasaikolojia Edwin Locke alieleza mwaka 1968 kwamba lengo mahususi na gumu huleta matokeo bora kuliko agizo la kujitahidi tu. Siku hizi naandika hivi: kurasa 10 kila usiku, baada ya kuosha vyombo, kabla sijagusa simu. Nadhani kuwa na wakati maalumu wa kuanza, yaani baada ya kuosha vyombo, kumenisaidia kuliko hata hiyo idadi yenyewe! Nikikosa usiku mmoja, sifidii kesho yake, kwani nilipojaribu kulipa deni la namna hiyo niliacha kusoma kabisa.