Linnaeus, mkwaju na tembo wa kwenye chupa

Kabla ya Carl Linnaeus, jina la mmea vitabuni lilikuwa sentensi nzima ya Kilatini. Mmea mmoja wa jenasi ya Physalis (jenasi ni kundi la spishi zinazokaribiana) uliitwa kwa maneno yaliyoeleza kwamba ni wa mwaka mmoja, una matawi mengi yenye pembe yasiyo na vinyweleo, na majani yenye meno. Ukigunduliwa mwingine unaoukaribia, sentensi inarefuka tena. Nani atakariri hayo?

Mtaalamu huyu wa mimea kutoka Sweden, aliyezaliwa Råshult mwaka 1707, hakuzifuta sentensi hizo. Katika kitabu chake Species Plantarum cha 1753 aliziacha palepale, ila pembeni mwa ukurasa akachapa neno moja tu kwa kila spishi. Hapa aliweka angulata. Ukiliunganisha na jina la jenasi unapata Physalis angulata, basi. Kile kineno cha pembeni ndicho kilichodumu, na mwaka 1753 ndio mwanzo rasmi wa majina ya mimea hadi leo.

Mpangilio wake wa kugawa mimea katika ngeli 24, yaani makundi makuu, haukudumu, na mkwaju unaonyesha sababu. Hatua ya kwanza ilikuwa kuhesabu stameni za ua (viungo vya kiume vinavyotoa chavua), kisha pistili (viungo vya kike). Ni kazi rahisi, mwanafunzi mwenye lenzi anaiweza. Lakini ua la mkwaju lina stameni tatu tu zenye chavua, kwa hiyo mti huu wenye maganda ya mbegu kama kunde ukaangukia ngeli moja na ngano, mbali na maharage ambao ndio ndugu zake wa kweli. Hesabu ilikuwa sahihi; kigezo kimoja ndicho kilichopotosha. Hata jina Tamarindus indica linauhusisha na India, ilhali asili yake ni Afrika.

Kwa wanyama, mwanzo rasmi wa majina ni kitabu chake Systema Naturae toleo la 10, la 1758. Humo tembo wote ni Elephas maximus, jina ambalo leo ni la tembo wa Asia. Kielelezo kimojawapo alichotegemea kilikuwa kijusi cha tembo kilichohifadhiwa katika spiriti, ambacho bado kiko Stockholm. Mwaka 2013 watafiti walipima protini na DNA yake: ni tembo wa Afrika! Ili jina Elephas maximus lisihamie kwa tembo wa Afrika, walilifunga kwenye kiunzi cha mifupa ya tembo wa Asia kilichoko Florence, Italia, ambacho Linnaeus alikitaja kupitia maelezo ya mwanasayansi Mwingereza John Ray. Tembo wetu wa savana alikuwa ameshapewa jina lake na mwanasayansi Mjerumani Blumenbach mwaka 1797.