Stata inayozunguka kirahisi mno

Alfajiri ya leo kuna gari limekataa kuwaka hapo nje. Stata ilizunguka mbio, laini, bila kusuasua: wiiii. Ya injini nzima hupiga wuu-wuu-wuu, kwa sababu kila pistoni ikipanda inapambana na hewa inayobanwa. Ikilainika hivi, kompresheni imekimbia. Mlio huo naujua.

Wangu niliusikia kwenye kilomita 131,000. Gari lilizima likiwa gia ya tatu, bila kishindo. Nikajaribu kuwasha mara tatu, na hizo mara tatu zinaniuma hadi leo, maana taimingi, yaani mpangilio wa valvu na pistoni kupishana bila kugongana, ikishapotea, kila unapopiga stata unaweza kupinda valvu nyingine. Sikushuku mkanda wa taimingi hata kidogo, ule unaotoa mzunguko kwenye krenki, shafti ya chini inayosukumwa na pistoni, kwenda kwenye kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu. Niliubadilisha kwenye 100,000, kama kitabu cha gari kilivyotaka.

Fundi alifungua kava ya juu akaniambia nitazame puli ya kamshafti wakati yeye anagusa stata kidogo tu. Haikutikisika. Chini krenki inazunguka, juu kamshafti imelala. Kava ya chini ilipotoka, mkanda ukaonekana: haukuwa umekatika. Meno kama kumi yalinyolewa sehemu moja, pale penye krenki, na mgongo wake uling'aa kama mpira uliopigwa pasi.

Akashika roli ya tenshena, kigurudumu kinachoukaza mkanda. Roli nzima ukiizungusha kwa kidole huenda kimya, na grisi huishika kidogo. Ile iligoma kabisa. Beringi ilikauka, ikakwama, mkanda ukawa unaburuzwa juu ya chuma kilichosimama mpaka ukapata moto na meno yakaachia.

Akaniuliza kama roli nayo ilibadilishwa ule wakati wa mkanda. Nikakaa kimya. Mimi ndiye niliyeizungusha kwa kidole siku ile nikasema iachwe, bado nzima. Kidole hakizungushi beringi maelfu ya mara kwa dakika.

Yaliyofuata ni gharama. Silinda hedi ilishuka, valvu 11 kati ya 16 zimepinda, na juu ya pistoni kuna alama za nusu mwezi, kama mtu kabonyeza ukucha. Safari hii nilibadilisha vyote: mkanda, tenshena, roli, pampu ya maji kwa kuwa inaendeshwa na mkanda huohuo, na sili za krenki na kamshafti, maana oili ikivujia mkanda inauozesha. Alama za taimingi kwenye puli zikapangwa, kisha krenki ikazungushwa kwa spana mizunguko miwili kamili, kwa mkono, kuelekea upande injini inakozungukia. Miwili, kwa sababu krenki ikienda mara mbili kamshafti huenda mara moja. Alama zikirudi na kupishana hata jino moja, unavua unaanza upya. Zilirudi sawasawa.

Leo, baada ya mlio ule, nimeenda kufungua boneti na kusoma kibandiko nilichobandika siku ile. Kilomita zilizotembea ni 40,000 tu. Kitabu kinasema 100,000 au miaka saba, kitakachotangulia, na mwaka wa saba unaisha mwezi ujao. Nimechungulia kwenye kava: mkanda hauna ufa, maandishi yake bado yanasomeka. Roli sijaigusa. Najua itazunguka vizuri.