Nilivyoiandika historia ya klabu ya matanga ya Khartoum

Wasafiri wengi waliokatiza Afrika kwa gari au pikipiki, wakitoka Misri kushuka kusini, wanaikumbuka Klabu ya Matanga ya Nile ya Buluu, klabu ya mashua za tanga, kama mahali pa kupiga hema mjini Khartoum. Mimi niliijua kwa njia nyingine. Nilikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, chuo ambacho kimesomesha vijana wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda, na mimi ni mtu wa Pangani. Nikikaa muda mrefu bila kuona tanga, roho haitulii. Niliposikia kuna klabu ya matanga kwenye barabara ya Nile, katika mji uliozungukwa na jangwa, nilikwenda. Nikakuta makao makuu ya klabu ni meli ya vita iliyokaa nchi kavu.

Nikaamua kuiandika historia ya mahali pale kwa Kiswahili, ili wenzangu wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipita pale kila wiki bila kujua wapate kuisoma. Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu najua wapo wengine wanaotamani kuandika habari za klabu au bandari ya kwao na hawajui waanzie wapi.

Mimi nilianzia kwenye chuma. Kila niliyemuuliza alikuwa na mwaka wake na hadithi yake: huyu anasema klabu ina umri sawa na meli, yule anasema meli ililetwa kwa ajili ya klabu. Niliona nikianza na maneno ya watu nitabaki nayameza tu, sina cha kuyapimia. Basi nikachukua kamba, nikaifunga mafundo kila baada ya mita moja, nikaomba ruhusa, nikaipima meli kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Nikapata kama mita 44. Nikatazama bamba za pembeni zilivyoshikamanishwa: mistari mirefu ya ribiti, yaani pini za chuma zinazogongwa kushikanisha bamba, vichwa vyake vya mviringo vimeliwa na kutu lakini bado vinahesabika kwa kidole. Ribiti zenyewe zinakupa zama. Hiyo ni kazi ya kabla ya katikati ya karne ya 20, na siku hizi bamba za meli huunganishwa kwa kulehemu.

Nilipokwenda kwenye vitabu nikiwa na vipimo hivyo mkononi, mambo yalikaa sawa haraka. Jina lake ni Melik. Iliundwa na kampuni ya Thornycroft huko Chiswick, kando ya mto Thames, London, katika miaka ya 1896 na 1897. Ilikuwa na ndugu zake wawili, Sultan na Sheikh. Ikasafirishwa vipande vipande hadi Misri, kisha ikapandishwa kwa mto na kwa reli ya jeshi iliyokata jangwa kutoka Wadi Halfa hadi Abu Hamed, na ikaungwa tena mahali paitwapo Abadieh, karibu na Berber. Ilikusudiwa mto wenye maji machache: chombo cha urefu ule kinazama chini ya mita moja tu. Parafujo zake mbili, yaani mapanga yanayosukuma meli, zimewekwa ndani ya mahandaki yaliyochongwa chini ya tezi. Injini ikishika kasi, maji huvutwa na kujaa ndani ya handaki kupita usawa wa mto, na parafujo hupata maji ya kutosha ingawa meli inaelea juujuu. Kwa mtu aliyezoea kupanga safari ya jahazi kwa kungoja maji yajae, ufundi huo ni wa kuuvulia kofia.

Lakini ufundi huo ulikuwa na kazi yake. Mwaka 1885 majeshi ya Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi utawala wa Misri nchini Sudan, yaliiteka Khartoum na Jenerali Charles Gordon, Mwingereza aliyekuwa gavana pale, akauawa. Miaka 13 baadaye jenerali Mwingereza, Kitchener, alikuja na jeshi la Waingereza na Wamisri, wakiwemo askari wengi Wasudani, na tarehe 2 Septemba 1898 wakapigana Karari, nje ya Omdurman, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka Khartoum. Nahodha wa Melik alikuwa Meja W. S. Gordon, mtoto wa ndugu yake yule jenerali. Meli za mizinga zilimimina risasi kutoka mtoni, na kwa upande wa wafuasi wa Mahdi walikufa watu zaidi ya 10,000 katika asubuhi moja. Kwa Kitchener hawakufika 50. Makombora yalitoboa kuba la kaburi la Mahdi, lile lile lililojengwa upya mwaka 1947, ambalo sisi wanafunzi tulikuwa tukilitembelea Omdurman siku za Ijumaa.

Hapa ndipo kazi ilipokuwa nzito kwangu. Mwaka 1926 Melik ikawa makao ya klabu. Miaka 28 tu baada ya Karari, maofisa wa serikali ya kikoloni walikuwa wakikaa kwenye sitaha ile ile jioni, wakingoja upepo wa kushindana mashua, na ng'ambo kule walikuwepo watu wazima waliopoteza baba zao mbele ya mizinga yake. Maandishi mengi niliyoyapata yalikuwa ama ya wapenzi wa meli, ambao kwao vita ni sifa ya chombo, ama ya wapenzi wa matanga, ambao kwao meli ni jengo zuri la kizamani. Sikutaka kufuata njia yoyote kati ya hizo. Niliandika Karari na mashindano ya mashua katika sura moja, mfululizo, bila kichwa kipya katikati. Nilihangaika na aya hizo kuliko sehemu nyingine yoyote, na bado naamini ndivyo inavyopasa kusimuliwa.

Habari za klabu yenyewe nilizipata kwa mzee mmoja aliyetunza mashua pale. Nilimwita Ammi, kama adabu ya Sudan inavyotaka, na kwa siku za mwanzo sikumuuliza historia kabisa. Nilimsaidia kushona tanga. Alipoona najua kushika sindano na kuufuata uzi kwenye pindo, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia kwetu ni baharini, kuna kaskazi na kusi. Akacheka, akasema, "Na hapa pia upepo unatoka kaskazini wakati wa baridi, mwanangu. Tazama mto."

Nikatazama, nikaelewa kwa nini klabu ipo pale ilipo. Nile kwa jumla inatiririka kwenda kaskazini, lakini mbele ya klabu Nile ya Buluu inaelekea magharibi, kwenda kukutana na Nile Nyeupe pale Mogran. Kaskazi ya kuanzia Novemba hadi Machi inaukata mto ubavuni. Mashua inakwenda kwa upepo wa ubavuni na kurudi kwa upepo wa ubavuni, bila kubisha sana, yaani bila kwenda upande huu na huu kuukabili upepo. Mabaharia wanajua raha yake. Boti za klabu, zenye mwili wa chuma na muundo mmoja ili mashindano yawe ya haki, ziliufaa upepo huo. Chuma nacho kilikuwa na maana: jua la Khartoum hupasua mbao upesi, hasa mashua ikipandishwa pwani miezi ambayo mto umepungua.

Kutoka hapo Ammi alifunguka. Alinieleza jinsi wanachama Wasudani walivyoongezeka baada ya uhuru wa 1956, nani alifundisha nani, mashua ipi ilikuwa nyepesi ipi nzito. Kila alichosema nilikiandika na tarehe ya siku aliyokisema, na pembeni nikaweka alama kama nimekithibitisha kwa mtu wa pili au kwa maandishi. Utaratibu huo uliniokoa mara nyingi, kwa sababu kumbukumbu za watu huungana. Mafuriko ya mwaka mmoja huhamia mwaka mwingine.

Na mafuriko ndiyo mwandishi mwingine wa historia ya klabu hii. Nile ya Buluu hutoka Ziwa Tana huko Ethiopia, na mvua za milimani huifikisha Khartoum Agosti na Septemba ikiwa nyekundu kwa udongo. Kwa miongo kadhaa Melik ilielea kando ya ukingo, ikipanda na kushuka na mto. Mafuriko makubwa ya miaka ya 1980 yaliinyanyua hadi juu ya ukingo, na maji yalipoondoka yakaiacha pale. Mwaka 2020 mto ulipanda zaidi ya mita 17 kwenye kipimo cha Khartoum, ukapita rekodi za 1946 na 1988.

Nilipomaliza, niliwasomea wenzangu kwa Kiswahili, tumekaa chini ya miti karibu na meli. Mwenzetu mmoja kutoka Mwanza alisema maji ya kwao nayo yanapita Mogran, na ni kweli, Nile Nyeupe inaanzia Ziwa Nyanza (Victoria). Mjadala mkali ulikuwa juu ya meli: ihifadhiwe au ikatwe chuma chakavu? Mimi nilisema ihifadhiwe, na majina ya waliouawa Karari yaandikwe mahali pa kuonekana kabla ya jina la aliyeiunda. Sijabadili msimamo.

Vita vilivyoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 viliwatawanya wanafunzi na wenyeji. Daftari langu nilikuwa nimeshalipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuzihifadhi sehemu mbili. Bado natafuta kitu kimoja: majina ya mafundi na mabaharia Wasudani waliotunza mashua za klabu kati ya 1926 na 1956, maana orodha nilizoziona zinawataja maofisa peke yao. Kama ulipiga hema pale miaka ya nyuma, au una ndugu aliyesoma Khartoum na kushinda pale jioni, tazama nyuma ya picha zenu za zamani. Mara nyingi ndipo mtu alipoandika jina la aliyemshikia kamba.