"Bado" ndilo linalowaponza

Mzazi akiuliza "mjukuu nitampakata lini?", na mtoto aliyekwisha kuamua kutozaa akajibu "bado", hapo ameahidi. Mzazi hakusikia kukataliwa, alisikia kusogezewa siku. Mwakani atauliza tena. Baadaye ataanza kutafuta dawa, maombi, na wa kulaumiwa, ambaye mara nyingi huwa mke wa mwana.

Linalofuata kwa kuharibu ni sababu. Ukisema pesa haitoshi, utaambiwa kila mtoto huja na riziki yake. Ukisema kazi imekubana, bibi mtarajiwa atajitolea kulea. Huyu ni mtu aliyekutatulia matatizo tangu hujajua kutambaa, na wewe unamletea tatizo jingine! Sema tu: "Tumekaa, tumeamua, hatutazaa." Ukiulizwa tena, na utaulizwa, rudia maneno yale yale. Sababu mpya hufungua mjadala mpya.

Anayesema ni mwenye wazazi. Mkwe akilitamka yeye, litahesabiwa kuwa lake hata kama mliamua wote. Wenzi wapatane kwanza, neno kwa neno. Kama mmoja bado anasitasita, ahirisheni, kwa kuwa mzazi atauona ufa huo na kupenya hapo hapo. Chagueni siku ya kawaida, isiwe arusini wala wiki ambayo dada yako amejifungua. Waambieni wazazi wote wawili kwa pamoja. Akiambiwa mmoja, habari itamfikia mwenzake ikiwa imepinda. Kama mko mbali, pigeni simu. Ujumbe wa maandishi utakuwa kwa shangazi kabla ya jioni.

Mzazi akinyamaza au akilia, usikimbilie kusema "mtazoea". Jina la marehemu baba yake alilotaka mjukuu alirithi limekosa wa kulibeba, na wenzake wa rika wataendelea kumwonyesha picha za wajukuu wao. Hilo ni pigo, mwache aomboleze.

Swali la "uzeeni atakutunza nani?" lina haki ya kujibiwa kwa vitu: akiba ya uzeeni, bima ya afya, wosia ulioandikwa, na mtu uliyemteua kwa maandishi akuamulie matibabu ukishindwa kusema. (Wenye watoto saba nao wangefanya vyema kuwa navyo.)

Wazazi nao wajue kitu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na ugumba wakati fulani maishani. Utani wa mezani kuhusu tumbo la mkwe unaweza kuwa unatonesha kidonda. Na wenzi wanaopitia ugumba wasijifunike kwa "tumeamua", maana mimba ikija kesho, kila neno lao la baadaye litatiliwa shaka. "Hilo hatulizungumzii" linatosha.

Baada ya mazungumzo, usipunguze kwenda kwao. Wiki za mwanzo nenda kama ulivyokuwa ukienda, na mkwe aende pia, hata kama salamu zitakuwa fupi.