Taka za nyuklia: na humo ndani ya pipa mna nini kingine?

Tangu habari ya kinu cha nyuklia cha Uyombo ianze huku kwetu, ukikaa baraza yoyote Malindi swali ni lile lile, zile taka zitakaa na sumu miaka mingapi. Ni swali la maana, lakini mimi naona kuna jengine linasahaulika, na hata kama siku hizi wanataja Siaya badala ya Uyombo bado lafaa kuulizwa: hizo taka zimechanganyika na nini?

Manake hazikai peke yake. Mna vitambaa, karatasi, glavu, mna kemikali za kiwandani zenye kaboni, na hivi vyote mionzi na joto vinavikatakata polepole.

Kule Hanford, Marekani, palipokuwa pakitengenezwa plutoniamu ya mabomu, kuna matangi 177 ya taka chini ya ardhi, mengine yametiwa nitrati, chumvi inayosaidia vitu kuwaka, pamoja na kemikali zenye kaboni kama EDTA na sitreti. Hizo zenye kaboni zinavunjika vipande vidogo vidogo, zinafika fomati, oksaleti, mwisho kaboneti ambayo haiungui tena, kwa hivyo kuvunjika kwenyewe si kubaya, taka iliyozeeka inabaki na kidogo cha kuwaka. Shida iko njiani, maana zikivunjika zinatoa amonia na haidrojeni, gesi inayolipuka kirahisi. Tangi moja, SY-101, gesi ilikuwa inanaswa ndani ya tope zito inakusanyika weee halafu inapanda yote kwa mpigo, kama tembo la mnazi linavyochacha ndani ya chupa iliyozibwa, mpaka 1993 wakatia pampu ya kukoroga ndio ikawa inatoka kidogo kidogo.

Kiwanda cha nyuklia cha Mayak, Urusi, hawakupata bahati hiyo. Mtambo wa kupoza tangi uliharibika, maji yakakauka, zikabaki nitrati na asiteti, na asiteti ni chumvi itokayo kwenye asidi ya siki jamani, na tarehe 29 Septemba 1957 tangi likalipuka na vumbi la mionzi likashukia vijiji vya watu.

Linaloniuma zaidi ni la New Mexico, Marekani. Pipa la taka zenye nitrati lilitiwa ule mchanga wa choo cha paka ili unyonye maji, ila badala ya ule wa udongo ukatiwa wa ngano. Ngano na nitrati vikaanza kulana humo ndani, joto likapanda, na Februari 2014 pipa likapasuka chini kwenye mgodi wa chumvi, ghala zima likasimama karibu miaka 3. Kosa la kuchagua mchanga tu!

Na hata pasipolipuka kitu, karatasi na pamba vikifukiwa pamoja na saruji vinageuka asidi inayoitwa isosakariniki, na hiyo inaishika plutoniamu, mojawapo ya sumu za taka hizo, inaifanya iyeyuke majini kwa urahisi zaidi. Huku kwetu watu wengi wanateka maji kisimani, kwa hivyo watu wa kinu wakija tena na mkutano wao mimi ntataka hilo la karatasi na pamba lijibiwe kwanza, kabla ya habari za ajira na umeme.