Baada ya Lichinga, Nampula

Ndugu na marafiki wengi wa Masasi, Newala na Tunduru wamekuwa wakituuliza jambo moja tangu mwaka huu uanze: muda wetu wa utume hapa Lichinga, Msumbiji, utakapokwisha, je, tutarudi nyumbani, tutaomba kuongezewa, au tutapelekwa kwingine? Nilikawia kujibu kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa bado hatujui, na sikupenda kuandika maneno ya kubahatisha kwa watu wanaotoa fedha za korosho zao na kupiga magoti kwa ajili yetu. Sasa tumekwisha kuamua. Tunakwenda Nampula. Naona mnastahili kuujua uamuzi huo pamoja na njia tuliyopita hadi kuufikia, kwa kuwa haikuwa nyepesi, na kuna siku ilitutoa machozi.

Kwa wasiotufahamu, mume wangu ni padri wa Kanisa Anglikana, Myao wa upande wa Tunduru, nami ni Mmakua wa Masasi, muuguzi kwa taaluma. Tulipotumwa Niassa, kaskazini magharibi mwa Msumbiji, yeye alifika kama mtu aliyehamia kijiji cha jirani. Lichinga iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo Juni na Julai watoto huenda shule wamevaa masweta mawili, na Kiyao kinachosemwa sokoni hapo ni kile kile alichonyonya kwa mama yake. Wayao wengi ni Waislamu, kama walivyo kwetu, na hilo halikumzuia kukaribishwa barazani na kuulizwa habari za ukoo wake hadi wazee walipompatia wajomba asiowajua. Mimi nilikaa kimya muda mrefu. Kiyao changu ni cha kuombea chumvi, Kireno sikuwa nacho kabisa, na cheti changu cha uuguzi kilihitaji kutafsiriwa, kuthibitishwa na kusubiriwa, kikasubiriwa mpaka nikazoea kujitambulisha kama mama Padri tu. Nililitumikia Kanisa kwa moyo wote katika umoja wa akina mama na darasa la kipaimara, lakini muuguzi asiyegusa mgonjwa hubaki na upungufu ambao sala haiufichi.

Kuna historia inayotufanya tusijione wageni hapa, na naipenda mno kiasi kwamba lazima niieleze. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, alitoka pwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani na kulelewa na misheni ya Zanzibar, shabaha ikiwa ni kuwarudisha kuelekea nchi za Ziwa Nyasa walikotekwa wengi wao. Hawakufika ziwani. Walisimama Masasi, wakapenda mahali pale, wakajenga, na ndipo Kanisa letu lilipoanzia. Wengine wa misheni hiyo hiyo waliendelea na safari: William Percival Johnson alilifikia ziwa na kulihudumia kwa miongo hadi kifo chake mwaka 1928, na Chauncy Maples, aliyefanya kazi Masasi kabla ya kuwa Askofu wa Likoma, alizama katika ziwa hilo hilo mwaka 1895. Kutokana na kazi yao zilizaliwa sharika za Messumba na vijiji vya pwani ya ziwa upande wa Msumbiji. Kwa hiyo Mkristo wa Masasi anapokuja Niassa anaikamilisha safari ambayo mababu zake wa imani waliikatisha njiani, na anawakuta ndugu waliobatizwa na mikono ile ile.

Maisha yenyewe yana sura ambayo watu hawaitarajii wanaposikia habari za wamisionari. Hatuna gari. Husafiri kwa chapa, basi dogo linalosongamana kama daladala, na kila mwaka tunapanga foleni kufanya upya kile kitambulisho cha mgeni mkazi kiitwacho DIRE, ambacho ada yake hutubidi kuianza kuiweka miezi mingi kabla. Posho yetu hutoka katika parishi za nyumbani, na parishi za nyumbani huishi kwa korosho. Minada ikifunguliwa Oktoba na bei ikawa nzuri, Januari tunalipa ada za shule bila kukopa, na bei ikiyumba kama ilivyoyumba msimu wa 2018/2019, watumishi wote wa dayosisi huyumba nayo. Mwanzoni baadhi ya washarika walitazamia kwamba nyuma yetu litakuja lori la saruji au mradi wa visima. Halikuja. Ilichukua muda kwao kukubali kwamba tulichokuja nacho ni sisi wenyewe, na nathubutu kusema kwamba hapo ndipo utume wetu ulipoanza kweli, kwa kuwa mtu asiye na mradi wa kusimamia ana nafasi ya kukesha matangani mpaka asubuhi, kutwanga pamoja na wenzake, na kupokea sahani ya pilau kwa jirani siku ya Idi na kuirudisha na kitu Krismasi.

Watoto wetu wawili wamekulia katika haya. Wanakula matapa, kisamvu kilichopikwa kwa karanga na nazi, na kudai kwamba cha bibi yao hakikifikii. Binti yetu husoma Kireno kwa wepesi kuliko Kiswahili, na mdogo wake huota kwa Kireno, maana nimemsikia akisema usingizini.

Milango iliyokuwa mbele yetu ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulikuwa kurudi nyumbani, ambako parishi moja ya mashambani ilikuwa ikimsubiri mume wangu na ambako mama yangu anazeeka. Wa pili ulikuwa kushuka ziwani, upande wa Metangula, kazi nzuri ambayo hata hivyo mapadri wazalendo wa Niassa wanaiweza kuliko sisi, kwa hiyo hatukuifikiria sana. Wa tatu ulikuja kwa barua kutoka Nampula.

Kanisa Anglikana la Msumbiji na Angola lilipata kuwa jimbo linalojitegemea Septemba 2021, na dayosisi ya Nampula ni miongoni mwa dayosisi zake changa, yenye mikoa miwili, Nampula na Cabo Delgado. Mnajua habari za Cabo Delgado. Vita vya waasi vilivyoanza huko, Mocímboa da Praia, Oktoba 2017 vimewang'oa watu majumbani mwao kwa wingi usioelezeka. Kufikia 2022 waliokimbia walikuwa karibu milioni moja. Wengi waliteremka kusini hadi mkoa wa Nampula, na huko Corrane, katika wilaya ya Meconta, serikali iliwapimia viwanja vya kuanza upya. Kati yao wako watu wa pwani ambao Kimwani chao kimefanana na Kiswahili kiasi cha kuelewana, na wako wazee wa Kimakonde waliokuwa wakimbizi kwetu wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza 1964, walioishi Rutamba mkoani Lindi na kujifunza Kiswahili huko. Wamekuwa wakimbizi mara mbili katika umri mmoja. Barua ilieleza kwamba wanahitajika watu wawili: padri anayeweza kusikiliza na kuungamisha kwa Kiswahili, na mwanamke mwenye ujuzi wa afya anayeweza kuzungumza Kimakua na akina mama wenyeji na wageni pamoja.

Niliisoma sentensi ile ya mwisho nikiwa jikoni na nikaisoma tena. Kwa mara ya kwanza mwaliko ulikuwa umenitaja mimi kwa kazi yangu na kwa lugha ya mama yangu. Nampula ndiyo nchi ya Wamakua. Kutoka huko, wasema wazee wetu, ndiko tulikotoka tukavuka Ruvuma.

Hata hivyo hatukuruka. Hofu ya kwanza ilikuwa usalama, na sitaki kuipunguza. Tarehe 6 Septemba 2022 misheni ya Kikatoliki ya Chipene, ndani ya mkoa huo huo wa Nampula, ilishambuliwa, na Sista Maria De Coppi, mtawa Mwitaliano wa shirika la Wakomboni aliyekuwa Msumbiji tangu 1963, akauawa. Machi 2025 kimbunga Jude kilipiga pwani ya Nampula na kubomoa nyumba nyingi za udongo. Mume wangu alisema kwamba hata nyumbani si mbali na hatari, akikumbusha Kitaya ya Mtwara iliyovamiwa Oktoba 2020, nami nilimjibu kwamba mtu aliyezaliwa Kitaya hakuchagua, lakini sisi tungekuwa tumechagua, tena kwa niaba ya watoto. Tulikaa na tofauti hiyo siku nyingi bila kuilazimisha iishe.

Hapa niseme jambo ninaloliamini kwa nguvu. Katika makanisa yetu tumezoea kusema kwamba padri ameitwa, na mke ameitwa kwa kuolewa. Sikubaliani na hilo. Wito wa familia unapaswa kusikika kwa kila aliyemo, na askofu anayemtuma mtu mwenye ndoa anatuma ndoa nzima, kwa hiyo ni haki amwulize mke peke yake, kama anavyomwuliza mume. Baba Askofu wetu alifanya hivyo kwa simu, jioni moja, na hakuwa na haraka. Aliniuliza ningefanya nini kama mume wangu hakuwa padri. Nilimwambia ningekuwa wodini, na nikamwambia pia kwamba nimechoka kuwa mgeni wa mume wangu. Baada ya ukimya kidogo akasema kwamba jibu hilo lingemsaidia kuomba vizuri zaidi.

Kisha ilibidi niende kwa mjomba. Wasomaji wa kusini hawahitaji maelezo, lakini kwa wengine: sisi Wamakua, kama Wayao na Wamakonde, tunafuata ukoo wa mama, na kaka wa mama ana neno katika mambo ya watoto wa dada yake ambalo hata baba mzazi halipiti. Mjomba wangu ni mzee wa Kanisa na ni mtu wa maneno machache. Alitaka kujua shule, hospitali na njia ya kurudi nyumbani, kwa mpangilio huo. Alipomaliza alimwambia mume wangu kwamba kwa desturi zetu za zamani mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, na kwamba alihesabu miaka ya Lichinga kuwa mkopo. Alitupa ruhusa kwa sharti moja, kwamba watoto waletwe Masasi kila likizo ndefu.

Shule ndiyo iliyotuelemea mwisho. Kama tungerudi sasa, binti yetu angelazimika kuingia darasa la Kiswahili karibu na mtihani wa darasa la saba, kisha sekondari ya Kiingereza, lugha ambayo hajaigusa vya kutosha. Tukibaki Msumbiji, masomo yake yanaendelea kwa Kireno mpaka darasa la 12, lakini kila mwaka unaopita mlango wa shule za nyumbani unazidi kuwa mwembamba. Tulimweleza yote mawili bila kupamba. Aliomba siku chache, akarudi na swali kama Nampula kuna maktaba. Mdogo wake aliuliza kama kuna treni. Treni ipo, ya Nampula na Cuamba, na hapo upande wake ukawa umekwisha kuamuliwa.

Nyumbani, maana yake mama yangu, ndiyo gharama ya uamuzi huu. Dada yangu amekubali kuhamia kwake, nasi tutapeleka sehemu ya posho kila robo mwaka, lakini najua kwamba fedha haimwinui mtu kitandani usiku. Sijapata njia ya kulifanya jambo hili kuwa jepesi na nimeacha kuitafuta.

Basi tumekubaliana hivi. Tutaishi mjini Nampula, si Corrane, ili watoto wawe karibu na shule na ili nyumba yetu isiwe mzigo kwa watu wenye viwanja vidogo. Mume wangu atakwenda makambini kwa ratiba ya dayosisi na kulala huko inapobidi. Mimi nimeanza upya mchakato wa cheti, na mpaka ukamilike nitafanya kazi chini ya wauguzi wenyeji katika elimu ya uzazi na lishe, bila kudunga sindano wala kutoa dawa. Neno la askofu mmoja kati ya wawili, wa Masasi au wa Nampula, latosha kututoa wakati wowote, na hatutabishana nalo. Kwenda likizo hatutapita Cabo Delgado kwa Mueda na Daraja la Umoja la mto Ruvuma, ingawa ndiyo njia fupi, bali tutarudi kwa Cuamba na Lichinga, tuvuke kwenda Songea, kisha Tunduru.

Tutahama shule zitakapofungwa mwishoni mwa mwaka. Padri atakayempokea mume wangu hapa amekwisha kutajwa, kijana wa Niassa mwenyewe, na wanatembelea wagonjwa pamoja kila Alhamisi. Kwa wanaouliza la kuombea, ombeeni kwanza cheti changu, kwa jina kabisa, pamoja na mama yangu na dada yangu pale Masasi. Na parishi zitakazopanga michango baada ya minada ya Oktoba zijue kwamba kodi ya nyumba Nampula ni kubwa kuliko ya Lichinga, na mweka hazina wa dayosisi anayo makadirio tuliyomtumia.