Rozari nne kutoka Dar hadi Mwanza

Mdogo wangu alipopanga harusi yake Mwanza, ndugu tulichanga tiketi ya ndege ili mama asiumie tena kwenye basi. Barabarani, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilometa 1,100. Badala ya kufurahi, akaniita jikoni. "Baba, huko juu nitaning'inia muda gani?"

Tiketi ilisema saa moja na nusu. Hakuridhika. Alitaka kujua nimeitoa wapi, kana kwamba rubani ni mimi.

Nikachukua daftari. Uwanja wa Dar uko nyuzi 6.9 kusini na 39.2 mashariki, wa Mwanza 2.4 kusini na 32.9 mashariki. Tofauti ni nyuzi 4.5 na 6.3. Uzi mmoja ni kama kilometa 111, kwa hiyo tunapanda kaskazini kilometa 500 na kusogea magharibi 700. Hapo ni pembetatu ya kidato cha pili: 500 mara 500 jumlisha 700 mara 700 ni 740,000, na kipeuo chake cha pili ni 860. Nilipopima mstari kwenye ramani ya simu nikapata kama 850. Nilijisikia msomi kweli! Ujanja huu unakubali kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta. Kule London uzi mmoja wa longitudo umebana hadi kilometa 69 hivi.

Muda ndio ulionichanganya. Ndege ya jeti ikishatulia juu huenda kama kilometa 800 kwa saa, ila kupaa na kushuka kunakula mwendo, nikakadiria wastani wa 700. Inakuja saa moja na dakika 13 hivi angani. Dakika zinazobaki kwenye tiketi ni za kutembea chini, maana saa ya tiketi huanza ndege inapoondoka maegeshoni na kuisha inapoegeshwa. (Mkipangiwa ya pangaboi, ongezeni dakika kadhaa.)

Mama alisikiliza yote hayo akichambua mchele. "Rozari moja ni dakika ishirini," akasema. "Basi ni rozari nne, haziishi."

Siku ya safari nilimkalisha dirishani, akafumba macho. Ndege ilipoanza kukimbia akaanza rozari ya kwanza, Matendo ya Furaha. Soda ilipopita alikuwa kwenye ya Mwanga. Hakuigusa, nikainywa mimi. Ya Uchungu aliyasali kwa sauti, tukiwa kwenye mawingu yenye mitikisiko, na kaka wa kiti cha tatu akawa anaitikia.

Magurudumu yaliposhuka na kutoa ule mlio, alinishika mkono. Nikamwonyesha ziwa na yale mawe.

"Umefika wapi, mama?"

"Utukufu, tendo la pili. Yesu anapaa mbinguni," akasema, "na sisi ndio tunashuka."